Kishikio na Kipenga

Jumatatu, 3 Machi

Imekubali! Wiki nzima nimegombana na hii maktaba ya JavaScript, na leo asubuhi imekubali. Nimeandika "fimbo ya kutembelea" kwenye kisanduku, nikabonyeza, na duka kubwa la mtandaoni likanirudishia orodha nzima: picha, bei, linki. Nilipiga ukelele mpaka jirani akagonga ukuta.

Nijieleze mwenyewe hapa, maana najijua, kesho kutwa nitasahau nilichofanya. Hii maktaba ni programu aliyoiandika mtu mwingine nisiyemjua, Mungu ambariki. Mimi nairushia maneno au namba ya bidhaa, yenyewe inakwenda dukani kuuliza na inarudi na majibu. Zamani bei zote nilikuwa nazinakili kwa mkono. Sasa kila alfajiri inajiamsha, inapitia bidhaa zote nilizozichagua, kila moja kwa namba yake ya dukani, inaleta picha mpya na bei mpya. Maelezo tu ndiyo yanabaki yangu. Hayo siiachii mashine. Mtu anayetafuta kiti cha kumsaidia mama yake bafuni hataki porojo za muuzaji. Anataka mtu amwambie kinateleza au hakitelezi.

Kasi kanishauri tupunguze mzigo. Kasi ni mwenzangu kazini, hilo jina kalipata kwa sababu hula haraka, huongea haraka, na hata mke alimuoa kabla sijajua wana urafiki. Anasema duka lina kikomo cha maswali, tukiuliza mengi wanatufungia mlango. Basi nimeiambia maktaba isiniletee majina ya bidhaa. Jina la nini? Majina ninayo, nimeyaandika mwenyewe, tena mafupi na yanaeleweka, si yale ya kwao marefu kama treni. Picha, bei, linki. Imetosha.

Leo nimejiona mjanja kweli.

Jumanne, 4 Machi

Ujumbe wa wasomaji utanimaliza. "Bei ya mwisho?" "Mnafungua Jumapili?" Jamani, mimi siuzi! Mtu akipitia linki yetu akanunua kule dukani, duka linatupa kamisheni kidogo. Hiyo ndiyo kazi yetu yote. Nimeieleza kwenye tovuti kwa herufi kubwa, lakini nani anasoma?

Nimeweka jibu linalojituma lenyewe. "Asante kwa kutuandikia. Maelezo yote katika tovuti hii yamehakikiwa na timu yetu." Timu! Mimi na Kasi, na paka wa Kasi akiwa na nafasi.

Dada kapiga simu. Amelia kidogo. Kisa ni Baba na kuoga. Tangu alipoteleza mwezi wa kwanza, Dada anapita kwake kila asubuhi kabla ya kazi, anasimama mlangoni na taulo, uso kaugeuzia ukutani. Bafu lile lina ukingo wa kuvuka, unafika karibu na goti. Ndipo alipoanguka. Leo kamwambia Dada: "Miaka yote hiyo nimekimbia uwanjani mbele ya maelfu ya watu, sijawahi kuaibika. Unaniaibisha wewe." Halafu akakataa kuoga.

Nimemwambia Dada nitatafuta dawa. Kazi yangu si ndiyo hiyo? Kisha nikarudi kwenye kompyuta kurekebisha rangi ya vitufe. Kweli, rangi ya vitufe.

Alhamisi, 20 Machi

Ripoti ya mauzo imekuja. Naipenda hii ripoti kama umbea. Inakwambia watu wamenunua nini kupitia kwetu, haikwambii ni akina nani. Vikombe vya watu wanaotetemeka mikono. Taa ya kitandani. Vishikio vya bafuni vinakwenda vizuri sana, kile nilichokisifia zaidi ndicho kinaongoza.

Na mtu mmoja kaweka kwenye kapu moja kishikio cha bafuni na kipenga cha refa! Nimecheka peke yangu. Nikamwita Kasi aone. Kasi akasema labda huyo akioga anajipigia penalti.

Nikamkumbuka Baba na kipenga chake cha chuma, kile cha enzi zake za urefa, hakiazimwi, hakiguswi, kinalala kwenye soksi. Ningemsimulia, angecheka. Ila yeye kazi yangu haipendi. Huiita "kuuza bila duka". Sijui kama amewahi hata kuifungua hiyo tovuti.

Ijumaa, 21 Machi

Mvua. Umeme umekatika. Sina la kuandika.

Jumapili, 30 Machi

Habari njema! Dada anasema Baba anaoga mwenyewe. Wiki nzima sasa. Anajifungia, anaimba huko ndani, anatoka amenyoa ndevu. Kamwambia Dada asipite tena asubuhi, alale, ana macho mekundu kama mlevi. Dada hajui kimetokea nini. Bafuni hamruhusu kukanyaga, hata kufagia anafagia mwenyewe. "Usimuulize," kanionya, "utamharibia."

Sikuuliza. Nimefurahi tu. Jumamosi nakwenda kumwona.

Jumamosi, 5 Aprili

Sijui nianzie wapi.

Nilifika mchana. Dada jikoni, Baba kwenye kiti chake, msafi, ananukia sabuni. Tukataniana kidogo. Nikaenda kunawa mikono.

Ukutani, juu ya ule ukingo, kuna kishikio cheupe cha plastiki. Kila mwisho wake una kikombe cha mpira kilichonyonya vigae. Skrubu hakuna hata moja. Na kwenye kishikio kinaning'inia kipenga cheusi kwa kamba yake.

Nilisimama pale maji yananichuruzika mpaka kwenye viwiko. Kapu moja. Kishikio na kipenga. Ni Baba!

Nikatoka. "Baba, kile kishikio umekinunua wapi?"

"Kwako."

"Kwangu wapi? Changu ni cha chuma, kinafungwa kwa skrubu."

Akachukua simu yake taratibu, akavaa miwani, akaniletea. Tovuti yangu. Picha ya kitu cheupe cha plastiki. Chini yake maneno yangu mwenyewe, neno kwa neno: "Chuma kisichoshika kutu. Skrubu nne. Kiegemee kwa uzito wako wote."

Kiegemee kwa uzito wako wote. Niliyaandika mimi, nikayaonea fahari.

Nimeelewa palepale. Muuzaji kabadilisha bidhaa. Kaacha namba ileile ili abaki na zile nyota na sifa za wanunuzi wa zamani, akaweka kitu kingine cha rahisi. Maktaba ikaleta picha mpya na bei mpya kama nilivyoituma. Jina jipya haikuleta, nilikuwa nimeikataza. Na maneno yangu yakakaa pale yakisifia kitu ambacho hakipo tena.

Nikamwambia Baba kitolewe sasa hivi. Nikarudi bafuni, nikaanza kukivuta. Hakikutingishika. Baba akanifuata, akakishika naye, akavuta kwa nguvu zake zote. "Unaona? Kiko imara."

"Leo, Baba. Mpira unashika mpaka siku unaachia. Hautoi taarifa."

"Hata miguu yangu haitoi taarifa."

"Na kipenga? Unacho kile cha chuma."

"Kile kinataka pumzi. Hiki ukikipulizia kidogo tu kinalia."

"Sasa bafuni cha nini?"

Akanitazama kama anavyomtazama mchezaji anayejifanya hajui kosa lake. "Wewe unadhani cha nini?"

Dada jikoni alianza kusugua sufuria iliyokuwa safi.

Yaani huyu mzee amekaa kimya, hajamlilia mtu, kajinunulia kitu cha kumshika na kitu cha kuitia watu. Na mimi nilicheka. Na Kasi akatia utani wake, nikacheka tena.

Wakati naondoka akanisindikiza hadi getini, hajawahi kufanya hivyo siku hizi. Akasema, si kwa hasira: "Nami nilishangaa kuona picha haifanani na maneno. Nikamwandikia mwenye tovuti kumuuliza. Akanijibu imehakikiwa."

Jumapili, 6 Aprili

Nimeupata ujumbe wa Baba. Umekaa katikati ya "bei ya mwisho" na "mnafungua saa ngapi".

"Kwa mhusika. Maelezo yanasema chuma na skrubu. Picha inaonyesha plastiki na mpira. Haya mawili hayawezi kuwa kweli kwa pamoja. Naomba ufafanuzi kabla sijanunua, kwa kuwa nitakitegemea. Ni mimi, msomaji wenu wa kawaida."

Hata jina lake hakuweka, asije akaonekana anapendelewa. Huyo ndiye Baba, hata mechi ya watoto wa mtaani alikuwa haamui kama mmoja wetu anacheza.

Na chini yake, dakika ileile: Asante kwa kutuandikia. Maelezo yote katika tovuti hii yamehakikiwa na timu yetu.

Nimelia. Naandika hivyo hivyo, nimelia. Mtu ambaye maisha yake yote hakuamini ila macho yake mwenyewe, akizomewa na uwanja mzima, aliliona kosa langu kwa macho yake. Halafu akaniamini mimi.

Jumatatu, 7 Aprili

Nimegombana na Kasi. Yeye anataka tubadilishe linki kimyakimya, tuweke kishikio kingine cha chuma, tuendelee. "Ukiweka tangazo la hatari watu watatukimbia. Hakuna aliyelalamika."

"Aliyeanguka bafuni atalalamika saa ngapi?" nikamuuliza.

Nimeweka tangazo. Juu kabisa, kwa rangi nyekundu: Kama umenunua kishikio hiki kupitia kwetu na chako kina mpira badala ya skrubu, usikiegemee. Tulikosea sisi. Kasi kasoma, kafuta "sisi", kaweka "mimi na mwenzangu", halafu karudisha "sisi". Basi, yaishe.

Nikapiga simu dukani. Akapokea binti mmoja mwenye sauti tamu wa huduma kwa wateja. Nikamwomba majina ya walionunua. Haiwezekani, siri za wateja. Sawa, basi waandikieni nyinyi. Atalifikisha kwa wahusika. Wahusika ni akina nani? Wahusika.

Ndipo linaponiuma. Kwenye ripoti vishikio vile ni vingi. Kila kimoja kiko ukutani kwa mtu. Baba nimemgundua kwa sababu ya kipenga tu. Wale wengine hawakununua kipenga. Nani anarudi kusoma ukurasa wa kitu alichokwisha kununua? Hakuna. Tangazo langu linasomwa na watu ambao hata hawajakinunua.

Jumatano, 9 Aprili

Nimerudisha jina. Mstari mmoja tu, aibu ilivyo fupi. Sasa programu inalinganisha jina la dukani na lile nililoandika mimi, yasiposhabihiana inapiga kelele na kuificha bidhaa mpaka nije niiangalie kwa macho.

Kwa mara ya kwanza ilipiga kelele papo hapo. Kigoda cha kuogea kimegeuka chungu cha maua. Nimecheka, halafu nikaacha kucheka, nikapitia bidhaa zote, moja moja, mpaka macho yakawasha.

Jibu la kujituma nimelizima. Leo nimejibu ujumbe wote mwenyewe. "Bei ya mwisho?" Nimemjibu kwa heshima. Mmoja kaandika: "Loo, kumbe kuna mtu!"

Dada anapita kwa Baba asubuhi kama zamani, lakini Baba hafungui. Anamwambia kupitia dirishani ameshaoga. Nimempigia simu, nimembembeleza, nimefoka, namwomba Mungu anisamehe. Anasema mimi na Dada tunataka kumrudisha kwenye taulo. Nikamwambia tunataka kutoboa ukuta tuweke cha chuma.

"Vigae vile alivichagua mama yenu."

"Najua, Baba."

"Alivibeba mwenyewe dukani mpaka kwenye gari, hakumwamini mpakizi."

"Najua."

"Nitafikiria." Akakata simu.

Ijumaa, 11 Aprili

Ujumbe kwenye simu kutoka kwa Baba, wa kwanza tangu anunue simu: "TOBOENI. CHAGUENI KIGAE CHENYE UFA." Herufi kubwa tupu. Nimemsomea Dada, tumecheka mpaka tukashindwa kuzungumza. Shemeji, mume wa Dada, ni fundi ujenzi. Kesho asubuhi na drili yake.

Jumamosi, 12 Aprili

Niko hapa sakafuni kwenye korido, nje ya mlango wa bafu, mgongo ukutani. Naandika kwa sababu Shemeji kasema nikiendelea kugonga nitamshtua Baba, na nisipofanya kitu na mikono hii nitagonga.

Tulifika mapema. Kishikio cha chuma nimekinunua kwa mkono wangu, nimekishika, nimekipima, nimesoma kila neno kwenye boksi. Baba akatupokea vizuri tu, taulo begani. Shemeji akaanza kupima ukuta kwa penseli. Halafu tukatoka sebuleni kufungua boksi, Dada akatafuta kisu, mimi nikahesabu skrubu. Tukasikia komeo la bafuni.

"Baba!"

"Nipo."

"Fungua, bado hatujaweka!"

"Mkishatoboa humu patajaa vumbi na saruji, sitaoga mpaka kesho. Nimalize kwanza. Kitu kizuri kinafungwa kwa mtu aliyetakata."

"Basi usishike hicho cha mpira!"

Baba akauliza kwa sauti ndogo, si ile ya uwanjani: "Nishike nini sasa?"

Nikakitazama cha chuma, bado kimelala kwenye boksi.

"Nikihitaji nitapuliza," akasema.

Shemeji kafungua kisanduku cha vifaa, katoa bisibisi nene, kaishika mkononi karibu na komeo. Dada kakaa upande wa pili wa mlango, kalishika taulo la akiba kifuani. Maji yanatiririka. Mwanzoni Baba alikuwa anaimba, wimbo wa timu aliyokataa kila siku kuwa anaishabikia. Tulitazamana, Dada akatabasamu.

Natazama simu. Tangazo langu jekundu lipo palepale. Mtu mmoja kaandika usiku: ni msomaji, ana mama, atakwenda kukiangalia leo. Mmoja! Namjibu nikitoka hapa.

Hata yeye sijui kama atawahi.

Ameacha kuimba.

Maji yamefungwa. Namsikia anapangusa uso, anapumua kwa nguvu, halafu kiganja kinatambaa ukutani kutafuta. Kipenga kimegonga plastiki kidogo, tik. Amekishika.

"Polepole, Baba," Dada kasema, kama vile anamwambia mtoto, na kwa mara ya kwanza Baba hakumkaripia.

Mguu mmoja umevuka ukingo. Nimeusikia umetua. Wa pili bado.